Nyanya isiguse mkate

Mhariri,

Kurasa za mapishi za magazeti yetu, lako likiwamo, zikifika kwenye sandwichi hutaja vitu vya kutia, kisha humaliza kwa "panga juu ya mkate, funika, kata, tayari kwa kuliwa." Hapo kwenye "panga" ndipo ilipo kazi yote. Yai ni lile lile, nyanya ni ile ile, mkate umetoka duka moja. Lakini sandwichi ya huyu inafika saa 6 mchana ikiwa imesimama, na ya yule imegeuka uji ndani ya mfuko. Kilichozitenganisha ni nani alilala ubavuni mwa nani humo ndani.

Tunazungumzia sandwichi ya kawaida ya mjini: slesi mbili za mkate mweupe, yai au kuku au jibini, nyanya, tango, kabichi au majani ya saladi, imetengenezwa saa 11 alfajiri ili iliwe kazini au shuleni adhuhuri. Hiyo ndiyo ngumu. Ile ya mezani, inayoliwa dakika tano baada ya kufunikwa, husamehe karibu kila kosa.

Adui ni maji. Nyanya ni maji kwa asilimia 94 au 95, tango limepita hapo kidogo, majani ya saladi hali kadhalika, kabichi ina kama asilimia 92. Mkate wa slesi una asilimia 36 hadi 38 tu, na umbo lake ni la vitundu vitundu, yaani sponji iliyookwa. Ukivikutanisha moja kwa moja, maji yanahamia kwenye mkate, mkate unalegea, kidole kinatoboa. Chumvi nayo huharakisha: ukiinyunyiza kwenye nyanya iliyokatwa huvuta maji yaliyomo ndani, na baada ya dakika kumi utaona kidimbwi kwenye sahani. Mtu anayelaza nyanya juu ya mkate mkavu, akatia chumvi, akafunika, amefungulia bomba juu ya chakula chake mwenyewe.

Basi mpangilio unaosimama ni huu, kuanzia chini: slesi, mafuta ya kupaka kama siagi ya kuzuia maji, kitu kikavu kilicho bapa, mboga za maji, kitu kikavu kingine au angalau jani la saladi lililofutwa maji, mafuta, slesi. Nyanya ikae katikati kabisa, kama bibi harusi kati ya wasimamizi wake, isiguse mkate upande wowote. Wengi hupaka mafuta slesi ya chini peke yake kwa kuwa maji hushuka. Hoja hiyo ni sawa kwenye sahani. Sandwichi ya mfukoni haina chini wala juu. Inabebwa ubavu, inapinduliwa kwenye daladala, inakaliwa na daftari. Slesi zote mbili zinahitaji ulinzi ule ule.

Kuhusu mafuta tunaomba nafasi, maana hapo ndipo watu hubana matumizi mahali pasipofaa. Slesi ya kawaida ina ukubwa wa kama sentimita 10 kwa 10. Kijiko kimoja cha chai cha siagi, gramu 5, kikipakwa vizuri huwa utando wa nusu milimita hivi juu ya eneo hilo lote. Hicho ndicho kipimo: kijiko kimoja cha chai kwa kila slesi, na kifike hadi ukingoni. Kupaka katikati na kuacha kingo ni sawa na kuezeka nyumba ukaacha pembe nne. Maji huingilia pale pale palipoachwa. Waingereza wanaoandaa sandwichi za tango kwa chai ya alasiri hupaka siagi mpaka mwisho wa slesi kwa sababu hiyo hiyo, wala si kwa mbwembwe, kwa kuwa humo ndani hamna kitu kingine zaidi ya tango.

Siagi itoke kwenye friji nusu saa kabla. Ikiwa ngumu inachana mkate, na kila mchano ni tundu. Mkate wenyewe uwe umepoa kabisa; uliotoka tanuri asubuhi hiyo bado una mvuke ndani na hukunjamana chini ya kisu. Wa jana ni bora kuliko wa leo, na hilo muuza mkate hatakwambia.

Sasa si kila kinachopakika ni mafuta. Siagi ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Mayonezi ya kawaida iko katika asilimia 70 hadi 80. Lakini kuna mayonezi zinazouzwa kama "nyepesi," na kuna majarini nyingi za kupaka, ambazo mafuta yamepunguzwa na maji yakaongezwa. Soma kopo kabla ya kuziamini kama ukuta. Tomato sosi haina mafuta kabisa, na chilisosi ni hivyo hivyo. Hizo ni maji yenye rangi na ladha, na kuzipaka juu ya mkate mtupu ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya nyanya. Mahali pake ni ndani, kati ya yai na mboga, au zichanganywe na mayonezi, sehemu moja ya sosi kwa tatu za mayonezi. Wauza sandwichi wa barabarani Mumbai wamelijua hili siku nyingi: chatne yao ya kijani ya giligilani ina maji mengi, kwa hiyo slesi hupakwa siagi kwanza, kisha chatne ikaja juu ya siagi, ndipo vikafuata viazi vya kuchemsha, tango, nyanya na kitunguu. Ukigeuza, chatne ikatangulia siagi, mkate unakuwa wa kijani mpaka nje.

Parachichi lililopondwa lina nafasi yake. Lina mafuta kama asilimia 15 na maji zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo ni ukuta wa muda, saa mbili au tatu, na litiwe ndimu lisipige weusi. Lililokatwa vipande ni balaa lingine. Tutalifikia kwenye utelezi. Siagi ya karanga ndiyo ukuta bora kuliko zote na bei yake si ya kutisha: nusu yake ni mafuta na maji yake ni kidogo mno. Anayemfungia mtoto mkate wa karanga na jemu apake karanga slesi zote mbili, kijiko kimoja cha mezani kila upande, kisha jemu katikati, kijiko kimoja cha chai tu. Wazoefu wa kupaka karanga huku na jemu kule wameona jinsi upande wa jemu unavyokuwa na doa jekundu la kunata likitokeza nje.

Joto la pwani lina neno lake juu ya siagi. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na mfuko uliowekwa karibu na injini ya gari hufika huko kabla ya saa 3 asubuhi. Siagi ikiyeyuka inazama ndani ya mkate na ukuta unakwisha. Ndiyo maana tukasema mafuta yafuatwe na kitu kikavu kilicho bapa: ni ukuta wa pili. Slesi ya jibini hufanya kazi hiyo vizuri, upande mmoja au pande zote mbili. Jibini ikiwa ghali, yai la kukaanga linatosha, na hapa tunasema yai lililopigwa na kumwagwa kwenye kikaango likawa bapa, likaiva pande zote, likakunjwa kulingana na ukubwa wa slesi. Yai moja, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, bila maziwa wala nyanya ndani yake. Ukichanganya nyanya kwenye yai hilo umeurudisha ule ule unyevu kwa mlango wa nyuma.

Lipoe. Hili halisemwi vya kutosha. Yai la moto, kuku wa moto au mkate uliochomwa ukiwa bado wa moto hutoa mvuke, na mvuke ukifungiwa hugeuka matone. Sandwichi inalowa hata kama haina nyanya hata kipande. Lilaze yai kwenye sahani baridi dakika kumi. Mkate uliochomwa usimamishwe wima au uwekwe kwenye waya. Ukilazwa bapa juu ya meza, tumbo lake linalowa kwa jasho lake mwenyewe. Tena, kwa sandwichi ya kubeba, chomeni upande mmoja tu, na upande huo uelekee ndani. Uliokauka unapokea siagi vizuri na kuchelewa kunyonya, na ule laini wa nje haukwangui kinywa cha mtoto.

Nyanya. Chagua iliyoiva lakini ngumu, zile ndefu zenye nyama nyingi ni bora kuliko za duara zenye maji. Kata vipande vya milimita 5. Vyembamba zaidi hupasuka na kumwaga mbegu. Vinene zaidi huteleza na kumlazimu mlaji kupanua kinywa kama kiboko. Ondoa ute wa mbegu kwa ncha ya kijiko ikiwa sandwichi itakaa zaidi ya saa tatu. Nyunyiza chumvi kidogo sana, ya vidole viwili kwa nyanya nzima, vilaze kwenye kitambaa safi au tishu za jikoni dakika 10 hadi 15, vigeuze mara moja, vifute. Chumvi imeshafanya kazi yake nje. Usiongeze tena ndani. Pilipili manga tia unavyotaka. Tango fanya hivyo hivyo, milimita 2 au 3, na likiwa limekomaa toa mbegu za katikati. Kitunguu maji kikatwe kama cha kachumbari, kisuguliwe na chumvi, kioshwe, kikamuliwe kwa nguvu. Majani ya saladi yakaushwe mpaka tone la mwisho. Jani moja lenye maji ya bomba linaweza kuharibu kazi yote hiyo.

Baada ya maji, tatizo la pili ni utelezi, na hili ndilo linalowachanganya hata waliokwisha kujua habari ya maji. Tango juu ya nyanya juu ya mayonezi: vitu vitatu laini vimepandana, ukiuma mbele vinatokea nyuma. Dawa ni kupishanisha. Baada ya kitu laini weka kitu chenye ukakasi. Kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi ndiyo bora, kwa sababu nyuzi zake hujisokota na kushika pande zote mbili. Kiganja kidogo, gramu 20 hivi, kinatosha. Jibini iliyokwanguliwa hushika kuliko ya slesi. Karoti iliyokwanguliwa hushika pia lakini ikamuliwe. Tango likatwe kwa urefu, vipande vitatu virefu, badala ya sarafu kumi na mbili ambazo kila moja ina safari yake. Jani la saladi lipigwe kwa kiganja mshipa wake uvunjike, ulale bapa. Mshipa uliosimama huiinua slesi ya juu na kila kitu kinakosa mahali pa kukaa. Na vipande vya parachichi, tulivyoahidi kuvirudia, visikae juu ya tango wala nyanya. Viwe jirani na mkate au viachwe.

Kwa waliozoea kuku au jodari wa kopo aliyechanganywa na mayonezi, uzito wa mchanganyiko ndio unaoamua. Gramu 150 za kuku aliyechambuliwa kwa vijiko viwili vya mezani vya mayonezi; ukichota kwa uma na kuinua, usidondoke. Jodari akamuliwe kwanza ndani ya chujio kwa mgongo wa kijiko, hasa yule wa maji ya chumvi. Mchanganyiko huu unakaa chini, juu ya slesi iliyopakwa siagi, na siagi isiachwe kwa kisingizio kwamba mayonezi imo. Mayonezi iliyochanganyika na maji ya kuku si ile ya kwenye chupa. Mboga zote juu yake. Unene wote wa vitu vya ndani usizidi unene wa slesi mbili za mkate. Hicho ndicho kikomo cha meno ya mtu wa kawaida.

Ile ya tabaka tatu, ambayo hotelini hutolewa imechomekwa vijiti, ina nyuso nne za ndani na zote nne hupakwa. Slesi ya katikati ndiyo husahauliwa upande mmoja, nayo ndiyo hulowa kwanza kwa kuwa ina mboga huku na huku. Kuku chini, nyanya na majani juu. Kijiti kipite tabaka zote kabla ya kisu, kisifuate baadaye.

Wapo watakaosema mbona wengine hulowesha makusudi. Kweli. Mji wa Nice, Ufaransa, una mkate wao wa duara unaoitwa pan bagnat, maana yake mkate uliolowa, wenye jodari, dagaa wa chumvi, yai la kuchemsha na nyanya, na mafuta ya zeituni yakimwagwa juu ya mkate wenyewe. Lakini ule ni mkate wenye ganda gumu na mwili mzito ndani. Mkate mweupe wa slesi hauna mifupa hiyo. Rolex ya Kampala, yaani chapati iliyoviringishwa na yai ndani, nayo huvumilia nyanya kwa sababu chapati ina mafuta tayari ndani ya unga wake na yai limegandia juu yake kama ngozi. Ni kanuni ile ile kwa umbo la duara. Na ndugu zetu wa Maskati wanaotia Chips Oman, chipsi kavu za pakiti, ndani ya mkate wamefuata njia hiyo pia: jibini ya kupaka kwanza, chipsi zilizovunjwa juu yake, pilipili ya chupa mwisho kabisa na iliwe hapo hapo. Chipsi hazisubiri mtu.

Sandwichi ya kuchoma kwenye mashine ina sheria tofauti kidogo. Siagi huenda nje, pale panapogusa chuma. Ndani, jibini ikae juu na chini ya vitu vingine vyote, kwa kuwa ikiyeyuka ndiyo gundi. Nyanya itolewe mbegu kwa lazima, kwa sababu maji yake huchemka yakakwama humo na kumwunguza mlaji ulimi. Usijaze zaidi ya sentimita moja. Mashine ikilazimishwa kufunga hutapika jibini kwenye bawaba, na harufu yake utaishi nayo.

Mpangilio mzuri hauzuii chakula kuharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na cha kuhifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5. Wamarekani huipunguza ikawa saa 1 joto likipita nyuzi 32, na Dar es Salaam ya Januari hufika huko bila jasho. Watu huilaumu mayonezi. Ile ya dukani ina siki ya kutosha na mara nyingi haina hatia; wenye kesi ni yai na kuku. Ya nyumbani, yenye yai bichi, isisafiri kabisa. Anayefunga yai au kuku alfajiri ili iliwe mchana aweke chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa ubavuni mwa sandwichi, ndani ya mfuko unaotunza baridi. Asiye na friji abaki kwenye karanga, ambayo haina haraka.

Kutengeneza usiku mzima kabla tunakushauri usifanye. Mkate hukakamaa ndani ya friji upesi kuliko nje, na saa zinazoongezeka ni saa za maji kusafiri. Usiku tayarisha vitu: yai likaangwe, kuku achanganywe, kabichi ikatwe, vyote vifunikwe viingie kwenye friji. Asubuhi kata nyanya, iache na chumvi yake wakati unapaka siagi, panga. Dakika kumi na tano kwa sandwichi nne. Mwenye haraka kuliko hizo agandishe usiku sandwichi kavu, siagi na jibini au siagi na kuku bila mayonezi, itayeyuka yenyewe kufikia mchana. Nyanya ibebwe nzima na ikatwe huko huko. Yai la kuchemsha lisigandishwe, ute wake mweupe huwa kama mpira, na mayonezi ikigandishwa hutengana.

Kukata: ifunge kwanza, iache dakika tano ijikalie, kisha kata kwa kisu cha meno, ukivuta mbele na nyuma bila kukandamiza. Kisu butu kinaikamua nyanya uliyohangaika kuikausha. Kata kwa mshazari ukitaka, ladha haibadiliki, ila anayekula huanzia kwenye pembe na hapati tabu.

Ifungwe kwa kubana, kwa karatasi ya kuokea mikate au foili, kisha iingie kwenye kikontena kinacholingana nayo. Mahali penye nafasi tupu ndipo tabaka zinapoanzia safari. Na kwa heshima zote, Mhariri, isifungwe kwa gazeti lako: wino wake huhamia kwenye siagi, na siagi hiyo tumesema ifike hadi ukingoni.

Ni sisi,
Wapishi wa vitafunwa,
Dar es Salaam